Wali wa Hitima, Mkate wa Altare

Mtoni, Unguja
8 Februari 1954

Mwanangu Kosmas,

Pokea salaam za shangazi yako Damari, nyingi kadiri karatasi hii inavyoweza kuzibeba. Mimi sijambo, ila goti la kulia lina maneno yake kila asubuhi. Paa la jikoni lilivuja mvua za vuli, nimeliezeka upya. Kurwa, mwenzangu wa kwaya, anakusalimu. Bado anaimba juu kuliko kinanda na bado hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Ule mnazi ulioupanda mwaka ulipopata kipaimara umeanza kuzaa. Madafu yake ni matamu, nimekunywa mawili kwa niaba yako.

Kanzu yako nyeupe ya Misa nimeshaikata. Kitambaa nilikinunua Darajani kwa Mhindi aliyeniapia kwamba hakichuji, na mimi nikamwuliza kitambaa cheupe kitachuja nini. Nataka iwe tayari kabla ya Jumapili ya Utatu mwezi wa Juni, utakapotoka katika ushemasi na kuwa padre. Mabega yako nayakumbuka. Niletee urefu wa mkono, kutoka begani mpaka kwenye kiwiko na kutoka hapo mpaka kiganjani, maana mikono ya ukoo wetu haiaminiki.

Sasa habari yenyewe. Bi Sichana hatunaye. Jirani yangu wa miaka yote amefariki Alhamisi ya tarehe 21 mwezi uliopita, akazikwa siku ile ile. Nilikaa matanga siku zote tatu. Wanaume walikuwa barazani, sisi wanawake uani tunapika, na mimi nilimenya vitunguu mpaka macho yakawa kama ya mfiwa, maana nilikuwa mfiwa. Siku ya tatu wakamsomea Kurani ya hitima, wakamwombea, kisha vyakula vikatolewa. Nikakaa kwenye sinia moja na binti yake Mwanakheir na wanawake watatu wa Tumbatu waliokuja kuzika, nikala.

Jumapili ya tarehe 31 nilikwenda Komunyo kama kawaida yangu. Nikapiga magoti kwenye reli ya mbao iliyo mbele ya altare, viganja wazi, macho chini. Nikaona viatu vya Padre Songoro vinakuja, vinasimama mbele yangu, vinapita. Nilidhani mkate umeanguka. Nikabaki na viganja vitupu kama mtu anayengoja maji bombani.

Baada ya Misa akaniita. Amesikia kwamba nimekula hitima. Alisema ile ni meza ya ibada nyingine, na mtu aliyekaa kule hawezi kukaa na kwenye Meza ya Bwana, mpaka nisimame mbele ya kanisa nitamke kwamba nilitenda dhambi. Nikamwambia nitasimama mbele ya watu siku yoyote anayoitaka, ila maneno hayo hayatatoka kinywani mwangu.

Nakuandikia mapema usije ukasikia kwa wengine kwanza. Usisahau kipimo cha mkono.

Mimi shangazi yako,
Damari


Handeni
1 Machi 1954

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia nikiwa mzima, namshukuru Mungu. Huku kuna baridi ya asubuhi ambayo mtu wa Unguja haizoei. Ninafundisha wakatekumeni thelathini wanaongoja ubatizo, nasaidia Misa, na Jumapili natembea maili sita kwenda kanisa dogo la kijijini.

Habari ya Bi Sichana imenisikitisha. Alikuwa jirani mwema sana. Nakumbuka vileja vyake vya sikukuu, na jinsi Mwanakheir alivyokuwa akiniita kaka kwa heshima ingawa tumelingana. Wape pole zangu.

Kuhusu jambo lako na Padre Songoro, naomba unisikilize kama mwanao. Watu wetu huko ni wachache, na mwenye kundi dogo hulichunga kwa wasiwasi zaidi. Mtume Paulo alionya kuhusu kushiriki meza mbili. Komunyo ni zaidi ya kula, shangazi. Ni kusema mbele ya wote kwamba mimi ni wa mwili huu. Ndiyo maana Kanisa linauliza mtu amekula wapi kwingine.

Kwaresima inaanza keshokutwa, na hakuna wakati bora zaidi. Simama useme kwamba ulikuwa na huzuni ukasahau. Ni neno dogo, na Pasaka utakuwa mezani pamoja na wenzako. Najua hujakosa Komunyo ya Pasaka tangu ulipokuwa msichana, na mimi nisingependa ukose kwa sababu ya sahani ya wali.

Nakuombea kila siku.

Mwanao,
Kosmas, shemasi


Mtoni, Unguja
22 Machi 1954

Mwanangu Kosmas,

Marahaba. Salaam zako nimezifikisha kwa Mwanakheir, akalia, kisha akacheka akasema kaka yake bado mvivu wa kuandika. Goti langu limepoa kidogo kwa mafuta ya mchaichai. Kurwa ana mafua, kwa hiyo kwaya imepata mapumziko.

Unaniambia niseme nilisahau. Sikusahau, Kosmas. Nilijua nimekaa wapi na nilijua kinasomwa nini, na wali ulipopungua upande wangu niliomba kuongezwa. Mwanakheir akanisogezea na kipande cha nyama.

Halafu unanitajia meza mbili. Pale palikuwa na mkeka. Watu walimwomba Mungu amsamehe Sichana, kisha wakala pamoja ili wafiwa wasikae na njaa. Mimi sikusoma, sijui kusoma yale. Kama Padre anamjua mungu mwingine aliyekuwa anaombwa uani pale, anitajie jina lake, na mimi nitasimama mbele ya kanisa nitubu kwa sauti.

Watu walidhani nitasusa kuoka mkate wa altare. Padre alinikataza kula, hakunikataza kuoka, kwa kuwa hakuna mwingine anayekijua kile chuma cha kuokea tangu sista aliyenifundisha arudi kwao. Basi kila Jumamosi asubuhi nachanganya unga na maji, namimina kijiko kimoja kati ya zile sahani mbili za chuma, nabana, nageuza, nakata vidogo vidogo vyenye alama ya msalaba. Sijasusa. Naoka vizuri kuliko nilivyowahi kuoka. Jumapili naenda kupiga magoti pale pale kwenye reli, mkate wangu mwenyewe unanipita, na Jumapili inayofuata narudi.

Na kuna hili. Chuma hicho hakipendi moto wa kuni, kinataka makaa yaliyotulia, na mimi sikuwahi kuwa na seredani, jiko la makaa la maana. Seredani ilikuwa ya Sichana. Miaka kumi na tisa nimeoka mkate wa Komunyo uani kwake, yeye akipepea makaa, mimi nikigeuza chuma, tukiwasengenya watu wote wa Mtoni, Waislamu kwa Wakristo bila ubaguzi. Wiki moja baada ya hitima Mwanakheir alikuja nayo kichwani. Akasema, "Mama kausia uichukuwe wewe, Bi Damari. Kasema mie sioki mikate yenye msalaba."

Padre alikuja wiki iliyopita kuona kama Kwaresima imenilainisha. Alinikuta natia makaa. Nikamwambia, "Padre, huu ndio moto wa mkate unaouinua. Miaka kumi na tisa alikuwa akiupepea Bi Sichana, na wewe mkate wake umeula miaka saba." Akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaomba maji. Kisha akasema kwa upole, na sikatai kwamba alisema kwa upole, "Damari, nkikuachia wewe, ntawaachia wote."

Nikamjibu, "Waachie."

Hukuniletea kipimo cha mkono. Kanzu imefika kwenye mabega na hapo imekwama.

Shangazi yako,
Damari


Handeni
9 Aprili 1954

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa na kwa ufupi wa barua hii. Nilikuwa na homa siku tisa, sasa naweza kukaa.

Nimesoma ulivyoandika. Sitabishana nawe kuhusu seredani. Nakuomba jambo moja tu. Siku ya Pasaka usiende kwenye reli. Kaa kiti cha nyuma, uombe kimoyomoyo, uwaache wengine wapokee kwa amani. Nako ni kumheshimu Bwana. Kwenda kupiga magoti mahali ulipozuiwa, kila wiki, mbele ya watu, kunaonekana kama kumshindania Padre, na habari za namna hiyo zinasafiri hadi huku.

Naomba unisaidie katika hili.

Mwanao,
Kosmas


Mtoni, Unguja
20 Aprili 1954

Mwanangu Kosmas,

Pole kwa homa. Chemsha majani ya mwarobaini unywe, usijali uchungu wake. Huku Pasaka imepita na mvua za masika zimeanza, ua wangu ni tope tupu.

Ulinishauri nikae kiti cha nyuma. Nilivaa gauni jipya nikakaa cha mbele.

Kwanza nikwambie habari ya Alhamisi Kuu. Ilisomwa ile karamu ya mwisho ya Bwana. Nimeisikia tangu nikiwa mtoto, lakini mwaka huu ndio niliisikia. Bwana alijua Yuda akitoka pale anakwenda kufanya nini. Akachovya tonge, akampa. Hakumpita, Kosmas. Sisemi mimi ni bora kuliko Yuda. Nasema kama yeye alipewa, basi mwenye meza ile hana uchoyo tunaomsingizia.

Basi siku ya Pasaka nilipiga magoti mahali pangu. Viatu vya Padre sasa navijua, cha kushoto kimeanza kutoboka kwenye kidole. Vilisimama mbele yangu kwa muda wa nusu ya Baba Yetu, kisha vikapita. Kurwa alikuwa kulia kwangu. Padre akamnyooshea mkate. Kurwa akaficha mikono ndani ya kanga, akasema kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, "Na mie nlikula, Padre. Nlikula hitima ya mamake Silima mwaka juzi, na ya mzee Nahodha kabla yake. Hujapata kuniuliza."

Kanisa zima lilisikia. Nyuma yetu watu walianza kutazama sakafu, kwani nani hapa Mtoni ambaye hajala hitima ya jirani yake. Padre alisimama na mkate mkononi, kisha akaurudisha sahanini. Sikufurahi, nakwambia kweli. Nilimwonea huruma. Lakini huruma haikuniondoa kwenye reli. Tulibaki mimi na Kurwa tumepiga magoti mpaka wimbo wa mwisho, na goti langu linanilipiza kisasi tangu siku hiyo.

Sasa na mimi nina swali. Umeandika kwamba habari hizi zinasafiri hadi huko. Zimemfikia nani? Katika barua mbili hukutaja neno juu ya Jumapili ya Utatu, na wewe tangu una miaka kumi na mbili hujui kuandika ukurasa bila kuutaja upadre. Mara mbili nimekuuliza urefu wa mkono wako, mara mbili umenyamaza. Mtoto niliyemlea huwa namjua anaponificha jambo, hata akiwa ng'ambo ya maji.

Shangazi yako,
Damari


Handeni
30 Mei 1954

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne. Mahindi hapa yamekomaa, na wakatekumeni wangu ishirini na watano wamebatizwa. Hizo ndizo habari njema nilizonazo.

Sitakuwa padre Jumapili ya Utatu. Habari zako zilifika kwa wakubwa wa Kanisa mwezi wa Februari. Waliniita, wakaniuliza, mtu ambaye nyumba yake mwenyewe inakaidi Kanisa ataliongozaje Kanisa. Wameahirisha mpaka sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, wakanitaka nikuandikie nikulete kwenye toba. Zile barua zangu mbili niliziandika nikilijua hilo, ya pili hasa. Nilikuficha kwa sababu niliona haya.

Na kuna jambo jingine. Kanisa la kijijini mimi ndiye ninayebeba kikombe cha Komunyo. Mwezi wa Februari padre wetu alimzuia mama mmoja, kwa sababu mumewe alioa mke wa pili na yeye hakuihama nyumba. Alikuja akapiga magoti hata hivyo, kama unavyofanya wewe. Padre akampita na mkate, na mimi nikampita na kikombe. Nilikitazama kikombe, sikumtazama yeye. Hajarudi tena. Nilijiambia nimetii.

Ninakuomba kwa ajili yangu sasa. Miaka kumi na tano nimetaka jambo hili moja, na wewe ndiye uliyenifundisha kulitaka. Sema lile neno. Kwani Bi Sichana alikuwa nani kwetu, shangazi? Jirani mwema, Mungu amrehemu, lakini hakuwa damu yetu. Mimi ni damu yako.

Mwanao,
Kosmas


Mtoni, Unguja
13 Juni 1954, Jumapili ya Utatu

Kosmas,

Marahaba. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na nimekaa na kanzu isiyo na mikono mapajani. Habari za nyumbani sina, au tuseme ninayo moja, na ina miaka ishirini na saba.

Unauliza Bi Sichana alikuwa nani kwetu. Nitakujibu, kisha ufanye utakalo.

Mama yako alifariki siku ya tatu baada ya kukuzaa, hilo unalijua. Baba yako alikuwa mpishi melini, hakuwa na habari mpaka miezi mitano baadaye. Misheni walinipa makopo ya maziwa na chupa, wakaniambia nikishindwa kukulea watakuchukua wao, wakulee na mayatima wengine. Maziwa yale ulikuwa ukiyatapika yote. Siku ya sita ulikuwa huna tena sauti ya kulia. Sichana aliingia, akakutazama, akasema, "Huyu anakufa na nyie mnasali tu. Nipe." Mwanakheir alikuwa na miezi minne. Akakupakata upande wa kushoto, mwanawe upande wa kulia, ukanyonya.

Ulinyonya miezi kumi na minne. Mwanakheir hakuiti kaka kwa heshima. Anakuita kaka kwa sababu kwao mliokunywa ziwa moja ni ndugu kamili, hata kuoana ni haramu, na jamaa zao wote mpaka Tumbatu wanalijua hilo. Asiyejua ni wewe peke yako.

Kila mwezi nilikwenda misheni kuchukua makopo yangu, nikasema mtoto anakunywa vizuri. Nilikuwa nayatia kwenye chai. Masista walinisifu. Huo ni uongo, niliusema miezi kumi na minne na sijapata kuuungama. Padre Songoro akitaka dhambi yangu, ninayo hiyo, nitaisema mbele ya kanisa nikiwa nimesimama kwenye kiti. Lakini hiyo hakuniuliza. Aliniuliza ya wali.

Utauliza mbona nilikuficha. Mwanzoni niliogopa wasikuchukue. Baadaye haikuwa hofu, ilikuwa wivu. Sikutaka uwe na mama mwingine zaidi yangu. Sichana alilijua hilo, akaninyamazia mpaka mwisho. Siku mbili kabla hajafa aliniuliza, "Kosmas keshakuwa padri?" Nikamwambia bado, mwezi wa sita. Akasema, "Basi karamu yake na mie mniletee changu." Huyo ndiye uliyesema hakuwa damu yetu.

Wewe umesoma mambo ya Komunyo kuliko mimi. Umeniandikia kwamba ni kusema mbele ya wote mimi ni wa mwili gani. Vizuri. Mimi najua vilevile kwamba ni mtu kukupa mwili wake ule usife, bila kukuuliza kwanza umetoka nyumba ipi. Hilo sikulijifunza kanisani kwanza. Nililijifunza uani kwa Sichana, nilipokuwa nimesimama na chupa mkononi, na kila ninapopiga magoti kwenye reli ndilo ninalolikumbuka.

Basi sitasema lile neno. Sikulisema kwa Padre, sitalisema kwa wakubwa wako, na inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika, lakini sitalisema hata kwa ajili yako. Ukikosa upadre kwa ajili yangu, nichukie. Nitaibeba chuki yako, nimekubeba wewe mzima. Ila usiniombe nisimame mbele ya watu nimwite dhambi mwanamke aliyekunyonyesha.

Jumapili ijayo nitakuwa mahali pangu.

Shangazi yako,
Damari


Mtoni, Unguja
16 Agosti 1954

Mwanangu,

Miezi miwili sasa sijapata barua yako. Sikuandikii kukubembeleza. Nakuandikia kukwambia kwamba Kurwa hajaacha, kwamba mwezi huu wameongezeka wanawake wawili wanaopiga magoti pamoja nasi mikono imefichwa, na kwamba Padre amedhoofu. Ananijulia hali tukikutana njiani, nami namjulia. Mkate bado naoka.

Kanzu nimeikunja sandukuni na karafuu. Kama unaumwa, mwambie mtu aniandikie.

Damari


Handeni
19 Septemba 1954

Shangazi,

Shikamoo. Siumwi. Nisamehe kimya changu. Barua yako ya Juni niliisoma, nikaiweka, na kwa wiki nyingi sikuweza kushika kalamu. Nilikukasirikia, nisifiche. Nilikasirika kwa kunificha, na kwa kunyimwa nafasi ya kumwamkia mama yangu hata mara moja kwa jina hilo. Hasira hiyo bado ninayo kidogo, nitakuja nayo.

Ilipotulia, nilianza kwa yule mama wa kijijini. Nilikwenda kwake kwa miguu, nikamwambia, mimi ndiye niliyekupita na kikombe, na sikukutazama. Yeye alinitazama. Kisha akasonga ugali, akauweka katikati, akasema tule. Tulikula, yeye na mke mwenzake na watoto na mimi, wote kwenye chombo kimoja.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa wakubwa. Walidhani nimeleta toba yako. Niliwaambia Bi Sichana wa Mtoni alikuwa mama yangu wa kunyonya, kwamba kama ningekuwa nyumbani mwezi wa Januari ningesimama mlangoni napokea rambirambi pamoja na dada yangu, na wali wa hitima ningekula. Niliwaambia kama Meza imefungwa kwa shangazi yangu kwa kosa hilo, basi imefungwa na kwangu, na si haki nishike mkate ambao yeye anauoka na hapewi. Mmoja wao aliniuliza kama najua ninachokitupa. Nikamwambia ninakijua kwa miaka kumi na tano.

Hawakunifukuza. Walisema nirudi nyumbani nitafakari, na tarehe ya upadre hawakuitaja tena. Sijui kama wataitaja siku moja. Nimelia kwa jambo hilo, lakini kauli yangu sikuirudisha.

Napanda meli Tanga, nitakuwa Unguja Ijumaa ya tarehe 1 Oktoba. Sitakuja kwako kwanza. Nitapita kwa Mwanakheir nimpe pole ya mama yetu, nimechelewa miezi minane. Mwambie aniwekee chakula, na wewe uwepo.

Jumamosi nitapepea makaa, wewe uoke. Jumapili niachie nafasi kwenye reli, upande wako wa kushoto. Padre akitupita, atupite sote wawili, na Jumapili inayofuata atatukuta hapo.

Umeniuliza urefu wa mkono wangu na sikukujibu. Utaupima mwenyewe siku hiyo, nitakapokuwa nimepiga magoti karibu nawe, viganja wazi.

Mwanao, na wa Bi Sichana,
Kosmas